Mbawakawa wa Kulishwa

Binamu wa mume wa mtafiti wa wadudu alipobisha hodi alisema anakaa wiki moja tu. Sasa mwaka ulikuwa ukingoni, na nyumba nzima ilikuwa ikimwita Wiki Moja. Alikuwa amekalia chumba cha kazi cha mtafiti huyo, ambaye alibaki kufanyia utafiti wake kwenye meza ya kulia, kati ya kopo la chumvi na jagi la maji. Mtafiti alikitaka chumba chake mpaka akakiota.

Mezani aliweka kiota cha kioo chenye sisimizi, na ndani yake mbawakawa mmoja mwenye mbawa fupi kama koti la kuazima. Jenasi yake, yaani kundi lake la kisayansi, haijulikani sana; duniani kote wanaoijua hawajazi benchi. Kazi hafanyi. Akisikia njaa humpapasa sisimizi shavuni, naye sisimizi humlisha mdomoni.

“Unaona, shemeji?” mtafiti alisema, akitumaini maneno yatamwingia. “Si ndugu yao, na hanyanyui hata kijiti.”

“Kumbe ana akili hivi!” Wiki Moja akajibu. Jioni hiyo alimpapasa mume begani, na mume akamsogezea paja la kuku.

Mtafiti akaona liwalo na liwe. “Tuwekeane dau. Nakausha kiota hiki, sisimizi wahamie kingine chenye unyevu. Wakimwacha mdudu, unafunga mizigo. Wakimbeba, chumba ni chako.”

Alikuwa na hakika. Siku ya kuhama kila mtu hubeba chake.

Sisimizi wakahama. Wakabeba mayai, wakabeba watoto, wakabeba hata makapi. Mbawakawa akabaki peke yake, akipapasa kioo kitupu. Wiki Moja akainuka taratibu kwenda kufunga begi. Mume akatazama sakafu.

Mtafiti alipaswa kufurahi, lakini roho ilimuuma. Mdudu alianza kulegea, miguu ikimtetemeka, na bado anapapasa.

“Jamani, mbebeni!” akapiga kelele, akigonga meza. “Mnamwachaje? Si amekula kwenu siku zote?”

Sisimizi mmoja, pengine mzito wa kuaga, akarudi, akamkamata kiunoni, akamburura hadi nyumba mpya. Mtafiti akaruka, akashangilia, akamkumbatia mumewe kwa nguvu. Ndipo akalikumbuka dau.

Chumbani zipu ya begi ilikuwa ikifunguliwa.

“Shemeji!” sauti ikaita. “Ahsante kwa kunipigania.”