Urusi Iko Upande Gani wa Runyenjes

Mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka waasi, Muthamia alipewa hotuba ya Kiingereza aitafsiri kwa Kiswahili, kisha aisome barazani katika kijiji cha Karurumo, karibu na Runyenjes. Hotuba ilieleza jinsi serikali ya kikomunisti ya Urusi ilivyowaangamiza watu wake yenyewe. Muthamia, mwalimu wa shule ya Kanyakine aliyefanywa mkalimani wa serikali, hakuona ubaya. Maelezo yalikuwa ya kweli na yamepangwa vizuri: mtawala aliwaogopa waliomzunguka, aliyekamatwa alitakiwa kutaja wengine ili apone, aliyenyamaza alihesabiwa adui, hivyo kila mtu akawahi kumtaja mwenzake kabla hajatajwa.

Kilichomkwamisha ni jina la kazi yenyewe, ile ya chama kuwaondoa watu wake. Aliandika "kufagia", akalifuta. Mwishowe akaandika "mchujo", kwa kuwa ndilo neno sahihi. Ndilo pia alilokuwa ameliandika kwenye kibao cha hema lililokuwa langoni mwa kijiji, ambamo wenyeji walikuwa wamefungiwa. Humo watu walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye alitikisa kichwa kuonyesha nani ana hatia ya kuwasaidia waasi. Muthamia alijua watu wangeunganisha mambo hayo mawili. Hakulibadilisha. Kuweka neno lisilo sahihi aliona ni uvivu.

Barazani alisoma kwa sauti ya darasani. Alipofika kwenye "mchujo", wanawake waliokuwa wakitazama majembe yao waliinua vichwa. Afisa wa kizungu aliyesimamia baraza akauliza, kupitia kwa Muthamia, kama kuna swali.

Aliyesimama ni Rashid, mwenye bucha Runyenjes, aliyekuwa na kibali cha kuingia kijijini kuuza nyama.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Hiyo Urusi iko upande gani wa Runyenjes? Juu ya barabara au chini?"

Watu walicheka. Muthamia hakuwa amewahi kusikia kicheko katika kijiji kile.

Afisa, kijana aliyefika nchini majuzi na asiyejua Kiswahili ila salamu, alitabasamu pia, akataka kujua wanacheka nini. Muthamia angeweza kusema kwamba mtu huyu anauliza Urusi ni mbali kiasi gani. Ingekaribia ukweli. Lakini kando ya afisa alisimama Njura, hedmani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ambaye alijua Kiswahili na Kiingereza cha kutosha. Kama Njura angemsahihisha, mkalimani mwenyewe angeingia hemani kama mshukiwa. Basi alitafsiri swali lote. Afisa hakuelewa. Muthamia akamweleza maana yake, kwamba mchujo wa Urusi ndio huu wa hapa kijijini.

Rashid alipelekwa hemani kabla watu hawajaondoka. Muthamia aliketi katikati, kama kawaida, akitafsiri. Afisa alitaka majina: nani alimfundisha kusema vile, nani mwenzake. Neno "mchujo", lililofanya swali lichekeshe, lilikuwa la Mwalimu. Ingetosha Rashid kulisema hilo ili apate nafuu. Muthamia alilisubiri. Alikuwa tayari ameshaanza kupanga Kiingereza cha kujitetea.

"Hakuna mtu," alisema Rashid. "Mzaha ni wangu peke yangu. Mwambie hivyo, Mwalimu, na usiongeze lako."

Muthamia alitafsiri bila kuongeza. Rashid alipandishwa kwenye lori la kambi ya kizuizini akiwa bado amevaa aproni.

Nje, Njura alimsogelea Muthamia na kusema kwa sauti ya chini kwamba alidhani angempa mzungu tafsiri nyingine, hata kwamba jamaa aliuliza umbali.

"Ungenyamaza?" Muthamia aliuliza.

"Ningenyamaza."

"Mbona hukunionyesha hata kwa jicho?"

"Nikuonyeshe wewe?" Njura alisema. "Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa."

Hawakuwa wamemwona Kuruthumu, mke wa Rashid, aliyekuja mbio kutoka sokoni. Aliwaamkia wote wawili kwa heshima, akauliza mumewe amekosa nini. Muthamia akamwambia kwamba aliuliza swali. Alipotaka kujua ni swali gani, Muthamia akalirudia neno kwa neno.

Kuruthumu hakucheka. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta mahali kosa lilipo ili aombe msamaha.

"Lakini Mwalimu," alisema, "yule mzungu hajui Kiswahili. Alielewaje?"

Njura alitazama lori. Muthamia, aliyelijua jibu katika lugha tatu, alirudi kuketi mahali pake hemani.