Mwanafunzi wa Kassian

Siku ya kwanza Kassian alipomfundisha Afra kuteleza kwenye theluji, hakumpa zile mbao mbili ndefu za kufunga miguuni. Alimpeleka ghalani, akampandisha kwenye boriti iliyo juu ya nyasi kavu, akamwambia aruke.

"Mbao ziko wapi?" Afra aliuliza.

"Ruka kwanza."

Afra aliruka, akatua kwa makalio, nyasi zikamwingia hadi ndani ya soksi. Ng'ombe chini wakaacha kutafuna. Kassian akatikisa kichwa.

"Umeanguka kama gunia la viazi. Panda tena. Lala ubavu, miguu pamoja, mikono usiitangulize."

Huku juu kwetu kila anayeshusha nyasi huanzia hapo. Nyasi hukatwa kiangazi kwenye malisho ya mlimani, zikabaki huko huko mabandani. Theluji ikishakuwa ngumu, watu hupanda kuzifuata na kuzishusha kwa sleji, magari ya kuburuta yasiyo na magurudumu, yenye pembe mbili za kushikia mbele. Mtu husimama katikati ya zile pembe, mzigo uko nyuma yake, mteremko uko mbele. Asiyejua kuangukia pembeni, mzigo unampitia juu. Ndiyo maana watoto wa huku hujua kuanguka kabla ya kujua kwenda. Afra hakujua kwa sababu alitoka bondeni, akaletwa kwa Mama Burga kukamua ng'ombe, na mkamuaji hatumwi mlimani.

Aliyekuwa na haja na masomo hayo ni Kassian mwenyewe, mtumishi wa Mama Burga wa kushusha nyasi. Bwana Plattner, mwenye hoteli pale chini darajani, alikuwa anatafuta mtu wa kuwafundisha wageni wake. Hakuna aliyebisha kwamba Kassian anashuka mlima vizuri kuliko wote. Wasiwasi ulikuwa mdomo wake, kwa kuwa maneno mengi aliyosema kwa siku aliyasema kwa farasi.

"Niletee mtu asiyejua kitu," Plattner alimwambia. "Jumapili kabla ya Sikukuu ya Mishumaa nataka kumwona anashuka kutoka kwenye ule msalaba wa juu mteremkoni mpaka darajani. Hapo nitajua kama unafundisha au unatazamwa tu."

Siku ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari, ndiyo watumishi wa mashamba hubadilisha mabwana. Ukiipitisha bila kuondoka, umebaki mwaka mzima.

Na mtu asiyejua kitu, katika shamba lote, alikuwa Afra.

Hakuna aliyemuuliza kama anataka Kassian aende. Angeulizwa, angeinamia ndoo yake ya maziwa. Tangu alipofika, kila asubuhi alikuta Kassian amempangia kuni mlangoni pa zizi ili asitoke nje kwenye baridi. Naye, akipakua uji, utando mnene wa maziwa ulikwenda kwenye bakuli la Kassian. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Sasa kadiri alivyojifunza vizuri, ndivyo alivyomsaidia kuondoka.

Wiki ile walitoka kila siku baada ya kukamua, kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mzee Vigil, ambaye goti lake lilimstaafisha kazi ya sleji, aliketi kwenye benchi na kiko chake kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Mwalimu," aliita, "mwanafunzi wako ameingia kwenye uzio."

"Nimemwona."

"Ni uzio mpya huo. Mama Burga atataka kujua."

"Babu, kwani huna kazi?" Afra alisema kutoka kwenye uzio.

"Ndiyo hii, mjukuu wangu. Na leo haina mapumziko."

Kassian hakujua maneno ya kitabuni. Alijua maneno ya nyasi tu. "Una mzigo nyuma," alimwambia. "Unakusukuma. Usikimbie, ukalie. Sasa pembe ya kushoto nzito, egemea. Umeona? Sasa ya kulia." Afra hakuwahi kuvuta sleji, lakini alikuwa amewatazama wakishuka kila msimu kupitia dirisha la zizi, akaelewa. Alikunja magoti, akaegemea kushoto, mbao zikageuka zenyewe. Akaegemea kulia, zikatii. Alifika chini akiwa amesimama, na kabla hajakumbuka kwamba hataki, alikuwa amecheka.

"Vizuri," Kassian alisema.

Afra akaacha kucheka.

Mama Burga naye alikuwa na mipango yake. Alikuwa mjane, nusu ya nyasi zake bado ziko mlimani, na mtu wa kuzishusha alikuwa huyo mmoja. Kwa siku kadhaa Kassian alipewa kipande kinene cha nyama ya moshi, na matonge yake ya mkate yalikuwa na siagi nyingi kuliko ya wengine. Vigil aliyatazama matonge hayo, akatazama yake, akasema yeye pia anafikiria kwenda kufundisha hotelini.

Jumamosi jioni Mama Burga alimfuata Afra zizini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mwanangu, mtu akianguka si dhambi."

"Ndiyo, Mama."

"Wengine huanguka karibu na daraja. Pale pana mwinuko kidogo, na watu wanaona vizuri."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sijasema kitu," alisema Mama Burga, akatoka.

Jumapili baada ya misa watu hawakwenda nyumbani. Walijipanga darajani wakipiga piga miguu chini kwa baridi, na Plattner alisimama mbele yao na kofia yake ya manyoya. Kassian alisimama kando yake, mikono mfukoni. Afra alikuwa juu msalabani, peke yake, na hapo alitamani arudi kwenye ndoo.

Alianza. Kushoto, akakalia mzigo. Kulia. Theluji ilikuwa ngumu chini na laini juu, na mbao zilitoa sauti kama mtu anayepasua kitambaa kipya. Hakuwahi kufika mbali hivyo bila kuanguka. Aliupita mti wa mwisho, akaliona daraja, akauona ule mwinuko. Akamwona Kassian pia. Alikuwa ametoa mikono mfukoni na kuikunja kifuani, kama ndiye anayeshuka.

Afra akajiangusha.

Ubavu, miguu pamoja, mikono nyuma. Theluji ikaruka, mbao zikalala pembeni kwa utaratibu. Watu wakasema "Aaa." Afra akasimama mwenyewe, akajipangusa, akaangalia chini.

Plattner alipanda hadi pale alipokuwa.

"Mguu?"

"Mzima."

"Goti?"

"Zima."

"Mkono uko sawa? Hebu anguka tena."

Afra alimtazama Mama Burga, Mama Burga akatazama kanisa. Kwa kukosa la kufanya, Afra akaanguka tena, vile vile.

Plattner alimgeukia Kassian. "Mwezi huu nimewarudisha kwao wageni wawili na plasta miguuni. Mmoja ni wakili, na bado ananiandikia. Huyu umemfundisha wewe kuanguka hivi?"

"Ndiyo."

"Kabla ya kumfundisha kuteleza?"

"Kabla."

"Siku ya Mishumaa njoo na sanduku lako."

Watu wakacheka, wakampiga Kassian mgongoni. Mama Burga alimkaribia Afra, akamkung'uta theluji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuambia uanguke," alinong'ona. "Sikukuambia uanguke vizuri."

Walipopanda kurudi, Vigil na Mama Burga walikuwa mbele kwenye sleji ya farasi. Kassian na Afra walifuata kwa miguu, mbao begani.

"Pale hukuanguka," Kassian alisema. "Ulijiangusha."

"Nilikosea."

"Magoti yalikuwa sawa. Nilikuwa naangalia magoti."

Afra alitafuta kitu cha kuinamia. Njia nzima ilikuwa nyeupe.

"Basi si kazi umepata?"

"Nimepata. Kwa nini ulijiangusha?"

"Nilitaka usipate."

Walitembea mpaka nyumba ikaonekana, na moshi wake.

"Si ungesema tu," Kassian alisema.

"Wewe ungesema?"

Alilifikiria swali hilo kwa haki. "Hapana," akajibu.

Siku ya Mishumaa sanduku la mtumishi hupelekwa na nyumba anayoiacha, ndiyo heshima. Mama Burga hakuwa na mtu wa kulipeleka ila Afra. Likafungwa kwenye sleji ya pembe, Afra akasimama katikati ya pembe, na Kassian akashuka nyuma yake kwa mbao. Kwenye kona ya msalaba sleji ilitaka kumzidi. Aliikalia, ikatulia. Alifika darajani bila kuanguka, sanduku likiwa vile vile lilivyofungwa.

Wanawake waliokuwa wakitoka kanisani na mishumaa yao iliyobarikiwa walisimama.

"Jamani, Afra, sanduku la nani hilo?"

"La Kassian."

"Mbona unalishusha wewe? Sanduku la bibi harusi ndilo hushushwa na bwana harusi."

"Basi bibi harusi ni Kassian," mwingine alisema. "Ana mashavu mekundu, anafaa."

Walisubiri Kassian akanushe. Kassian alikuwa anafungua kamba, akichukua muda wake, na masikio yake yalikuwa mekundu kama mashavu.

"Bwana Plattner," alisema, mwenye hoteli alipotoka mlangoni. "Jumatatu ni siku yangu?"

"Jumatatu wageni wanaondoka. Ni siku yako."

Akamgeukia Afra, mbele ya wanawake wote na mishumaa yao. "Nyasi za banda la juu bado. Jumatatu nitapanda. Usizifuate peke yako."

Afra alikuwa ameshaigeuza sleji kuelekea nyumbani. Watu walikuwa wengi, na kwa kawaida hapo angenyamaza.

"Usichelewe," alisema. "Ukichelewa, nitazishusha mimi, halafu utakuja kunifundisha nini?"

Wanawake wakacheka hadi mshumaa mmoja ukaanguka kwenye theluji. Afra aliweka kamba begani, akaanza kupanda. Nyuma yake alisikia Plattner akimwita mwalimu wake mpya aingize sanduku ndani, akamwita tena, na tena, kwa sababu mwalimu alikuwa bado amesimama pale pale.