Milango Kumi na Miwili ya Mabeseni Saba

Kila Jumanne saa tisa alasiri Isaura Barboza alifungua dirisha namba tatu la nyumba ya kumbukumbu, akaweka chupa ya maji moto ya mate, ile chai chungu ya majani ya kwetu, kushoto na muhuri kulia, akaanza kujibu maswali. Watu wa Montevideo waliuliza juu ya majengo yaliyosahauliwa: kiwanda cha mishumaa kilikuwa mtaa gani, sinema ya mtaa wa Barrio Sur iligeuzwa gereji lini, yule simba wa jiwe uchochoroni alikuwa akilinda lango la nani. Muulizaji alijaza kadi: jina, anwani, swali. Isaura alishuka stoo, akalitafuta jalada, akapanda na jibu. Sharti lilikuwa moja, nalo mkuu wake, Nelson Pintos, alilibandika juu ya dirisha kwa herufi kubwa: jibu litoke kwenye karatasi iliyomo jaladani, si kichwani mwa anayejibu.

Kwa sharti hilo Isaura alikuwa ameandika uongo ule ule kwa miaka kumi na sita. Mtu akiuliza kwa nini Mabeseni Saba ilibomolewa, jaladani mlikuwa na cheti kimoja chenye maneno mawili: "Kuta zinaanguka." Chini yake, saini ya Injinia Waldemar Iturralde, Desemba 1978, enzi za wanajeshi.

Mabeseni Saba ilikuwa nyumba yetu, sisi weusi wa Barrio Sur: vyumba hamsini na viwili kuzunguka ua mmoja, na uani mabeseni saba ya saruji ambamo mama zetu walifua nguo za mji mzima. Iturralde hakuingia hata huo ua. Alisimama ng'ambo ya barabara, akatazama saa yake, akatia saini juu ya boneti ya gari. Isaura alimwona kwa macho yake, akiwa na miaka kumi na saba. Mvua ilikuwa inanyesha na mama yake, Delmira, alikuwa akikaanga torta frita, vile vimkate tunavyokula siku za mvua. Wanajeshi walipobisha alitoka na kikaango mkononi, mafuta yakiwa bado yanachemka. Wakazi wote tulipelekwa kuishi kwenye ghala la sufu lisilo na madirisha, na humo Delmira akafa kwa kifua katika majira ya baridi ya kwanza. Zile kuta zilizokuwa zinaanguka, mashine ilizihangaikia majuma matano.

Isaura alitaka Iturralde aandike kwa mkono wake kwamba kuta zilikuwa nzima, kisha aumie. Sioni sababu ya kulipamba jambo hili. Alitaka kisasi, na sisi tulimtakia heri.

Mwezi wa Machi, miaka ishirini na minne baadaye, marehemu wa kwanza alipanga foleni. Alikuwa Eleuterio Rosas, mwamba ngoma wa chumba cha nane, aliyefariki mwaka 1981. Bawabu alimpa namba kama wengine. Kwenye kadi, penye anwani, aliandika Mabeseni Saba, chumba 8. Penye swali aliandika: Mlango wangu uko wapi?

"Umechelewa kuuliza, Don Eleuterio," Isaura alimwambia.

"Nilikuwa nautafuta mwenyewe, jirani. Mtu hapumziki nje ya mlango wake. Nyinyi mlio hai ndio mnalala popote, kama paka."

Kwa swali hilo karatasi ilikuwepo. Ilikuwa hati ya kupokea vitu, yenye saini ile ile: milango kumi na miwili ya msonobari, pamoja na namba zake za shaba, imefikishwa Carrasco, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba ambayo Injinia Iturralde alikuwa akijijengea. Mingine wanajeshi waliifanya kuni. Isaura aliiandika anwani kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake, akagonga muhuri.

Jumanne iliyofuata walikuja tisa, na iliyofuata kumi na wanne. Nelson Pintos hakuwa na neno nao, ila alilalamika kwamba marehemu hawakandamizi kalamu na kadi zao hazisomeki. Kufikia Mei walikuwa arobaini na wawili nyumbani kwa Iturralde. Kila mmoja aliingia kwa mlango wake, kwa ufunguo aliozikwa nao, na waliochomewa milango yao waliingia kama wageni wa majirani, kama ilivyokuwa desturi. Walifua kwenye bafu lake la marumaru na kuanika mashuka kwenye ngazi. Jumapili Eleuterio aliwasha moto ukumbini kukaza ngozi za ngoma. Mvua ikinyesha, nyumba nzima ilinuka mafuta. Mwosha huoshwa, tulisema mtaani, na tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Delmira alikuja wa mwisho, mwezi wa Juni, kwa sababu kifua hakikumruhusu kutembea haraka. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo Isaura alimjazia kadi. Mlango wa chumba cha kumi na nne ulikuwa umepachikwa kwenye chumba cha kulala cha injinia mwenyewe.

"Na yeye analala humo?" Delmira aliuliza.

"Analala humo, mama."

"Basi atasogea."

Akaenda, akaketi ukingoni mwa kitanda cha yule bwana, akakohoa hapo mpaka Agosti.

Mwishoni mwa Agosti Iturralde alipanga foleni. Alikuwa na miaka sabini na tisa, tai shingoni, na macho mekundu. Isaura alimwambia ajaze kadi, akaijaza: Hawa watu watatoka lini?

Isaura alikuwa ameliandaa jibu hilo kwa nusu ya maisha yake. Alimweleza bila kuinua sauti kwamba karatasi za kuwaondoa ni mbili na yoyote kati ya hizo inatosha. Ya kwanza ni barua ya injinia kwamba kuta za Mabeseni Saba zilikuwa nzima. Ikiingia jaladani, wale watu watakuwa wamejibiwa, na aliyejibiwa hurudi alale. Ya pili ni cheti kwamba nyumba wanamokaa sasa inaanguka. Akamsogezea kalamu.

"Hiyo ya kwanza ni mstari mmoja tu, Bwana Injinia."

Iturralde aliishika kalamu muda mrefu. Isaura aliutazama mkono ule.

"Binti," mzee alisema, "katika kazi yangu sijawahi kukosea."

Akaandika, "Kuta zinaanguka," akaweka anwani ya nyumba yake mwenyewe, akatia saini.

Ilianza kuvunjwa Septemba, siku ya mvua. Ilikuwa nyumba imara na mashine iliihangaikia majuma sita. Iturralde alitolewa pamoja na godoro lake mpaka ukingoni mwa barabara, na sisi tuliosafiri kwa basi kwenda kutazama tulikuwa tumebeba chai ya mate na viti. Siombi radhi. Lakini nyuma yake walitoka marehemu arobaini na watatu, mmoja mmoja, na vifurushi vyao, na Delmira alitoka na kikaango mkononi, mafuta yakiwa bado yanachemka. Hapo kicheko kilitukauka. Isaura alikuwa ng'ambo ya barabara, karibu na boneti ya gari la watu. Mama yake alimtazama mara moja, kisha akatazama chini asije akamwaga mafuta.

Iturralde alipelekwa nyumba ya wazee, ambako alilala vizuri, akafa mwaka uliofuata. Milango ilichukuliwa na mwuza vikuukuu, akaiegemeza ukutani kwenye banda lake, na mlango ulioegemezwa hauingiliki.

Jumanne baada ya kubomoa kumalizika, foleni ilifika mpaka barabarani. Delmira alikuwa wa kwanza. Isaura alimwuliza swali lake apate kumjazia kadi.

"Uliza kwa nini waliivunja ile nyumba yetu."

Isaura alishuka stoo. Alilifungua jalada, akalipekua karatasi baada ya karatasi, kisha akalipekua tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hapakuwa na kilichoongezeka. Alipanda, akaandika jibu, akagonga muhuri, na kwa kuwa mama yake hakujua kusoma, akamsomea.

"Kuta zinaanguka."

"Si kweli, mwanangu. Niliziegemea miaka ishirini na miwili. Nilikuzaa nimeziegemea."

"Najua, mama. Karatasi hakuna."

Delmira aliikunja kadi mara nne, akaitia kifuani. Aliuliza kama anaruhusiwa kuuliza tena. Isaura akamwambia kila mkazi anaruhusiwa swali moja kwa juma. Delmira akaenda kusimama nyuma ya foleni, kungoja Jumanne ijayo.