Kitambaa cha Paneli ya Kitangalo

Kitambaa nilishona mimi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kila mtu hapa Kitangalo anakumbuka vizuri makosa ya wenzake na anasahau ya kwake. Mimi ni Musafiri, fundi cherehani, na kibanda changu kinatazamana na kituo cha afya, kwenye barabara ya kwenda Wamaza, ikiwa wewe ni mtu wa kukubali kuiita barabara. Kitambaa kilikuwa cha drili ya bluu, ile ngumu ya kaptula za shule, na ndani nikaweka bitana nzito ili mtu asiweze hata kuchungulia. Kilikuwa na kamba nane za kufungia. Katikati nilitarizi kwa uzi wa njano: JUA LETU, MAENDELEO YETU. Sijawahi kushona kitu kizuri kuliko hicho.

Kilichokuwa chini ya kitambaa ni paneli ya jua, juu ya paa la kituo, na waya wake ulishuka hadi kwenye friji ya chanjo. Friji yenyewe ni ya kisasa, haina betri. Jua likiipiga paneli, friji inafanya kazi. Jua lisipoipiga, friji ni kabati.

Kabla ya kupewa paneli tulipewa elimu. Elimu ilichukua wiki mbili, paneli ilifungwa kwa saa tatu, kwa hiyo unaona mwenyewe kipi kilikuwa kizito. Mwalimu wetu alikuwa Bwana Magloire, mtu mpole aliyetoka Kasongo kwa pikipiki na mabango yake mgongoni. Alitufundisha kwamba jua ni la wote, halina bosi, halina foleni, halingoji saini ya mtu. Tuliyarudia maneno hayo kwa sauti moja, na wengine walifumba macho kama wako kwenye sala. Akatueleza pia sera, yaani jimbo limeamua kwa maandishi kwamba vituo vya afya vitaachana na petroli, na kwamba wananchi wenyewe ndio watakaokilinda kifaa chao.

Hapo tukaunda Kamati ya Mwanga. Tulikuwa kumi na mmoja, na kumi kati yetu tulikuwa na vyeo. Rais, yaani Presida wetu, alikuwa Lukumani, mzee wa kanisa na muuza chumvi, mtu ambaye hata salamu yake ina utangulizi na hitimisho. Mimi nilikuwa Mshauri wa Mapambo. Asiye na cheo alikuwa Mama Léocadie, muuguzi wa kituo, kwa kuwa yeye, tulisema, alikuwa na kazi nyingi tayari.

Mwishoni Bwana Magloire alitupa mtihani. Swali la saba liliuliza: adui mkubwa wa paneli ni nani? Sote tuliandika: kivuli. Mimi niliongeza kwamba hata jani moja la mgomba likiangukia paneli linatosha kuidhoofisha. Nilipata kumi na tisa juu ya ishirini. Alama moja ilipotea kwa sababu ya mwandiko.

Sasa nieleze kuhusu kufunika. Kwetu kitu kipya kinachomngojea mgeni hakikai wazi. Kiti cha chifu kilipochongwa upya kilifunikwa mpaka siku yake. Kengele ya kanisa ilikaa ndani ya kitenge mwezi mzima, ikimngoja padri. Kukiacha kitu wazi ni kumwambia mgeni kwamba umeshakula, yeye apanguse sahani. Kwa hiyo barua ilipofika kutoka jimboni ikisema kifaa kisitumiwe kabla ya uzinduzi rasmi, na kwamba Mjumbe mwenyewe, delege kama tunavyomwita, angekuja Jumanne kukata utepe, hakuna aliyeuliza paneli ifanyweje. Walinitazama mimi tu. Nami nilikuwa nimeshaanza kuwaza rangi.

Barua ilikuwa na mstari mwingine chini, na huo Lukumani aliusoma mara mbili. Kijiji kitakachoonyesha nidhamu kitapata awamu ya pili: paneli za shule na za mashine ya kusaga mihogo. Wasipoonekana wenye nidhamu Kitangalo, watatafutwa Lusangi, kijiji jirani. Kitangalo tunaweza kuvumilia mengi, lakini si kuwaona watu wa Lusangi wakisaga unga kwa jua letu.

Chanjo zililetwa Jumatatu mchana kutoka Kasongo, ndani ya sanduku la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Zilikuwa za surua. Mpango ulikuwa Mjumbe akate utepe, friji iwake, na mtoto wa kwanza achomwe sindano mbele ya kamera. Mtoto huyo wa kwanza kwenye orodha alikuwa Benita, mjukuu wangu, mwenye miezi tisa kamili. Binti yangu Régina alikuwa amemshonea, yaani nilikuwa nimemshonea mimi, gauni la bluu la kufanana na kitambaa. Na surua haikuwa habari ya mbali. Ilikuwa Lusangi kwenye machimbo, watoto wengi walikuwa wanaugua kule, na wachimbaji hupita kwetu kila siku ya soko wakiwa na watoto mgongoni.

Jumanne tulijipanga barabarani tangu saa moja asubuhi, na tao la makuti, na kwaya mbili, ya Wakristo na ya madrasa, kila moja ikijaribu kuizidi nyingine. Saa tisa ujumbe uliingia kwenye simu ya Lukumani. Gari lilikuwa limekwama kwenye matope. Mjumbe angefika jioni.

Mama Léocadie alinijia kibandani. Alisema kwa utulivu, na utulivu wake ndio uliokuwa ukinitisha siku zote.

"Papa Musafiri, barafu yangu iko ya siku mbili tu. Frigo inahitaji jua la kutwa nzima ili ipate baridi ya kutosha. Mutoe kile kitambaa leo, mutakirudisha wakati delege iko karibu."

"Umwambie Presida," nilisema.

"Nimemwambia Presida. Ananiambia nikuambie wewe, ndiye uko wa mapambo."

"Mimi niko wa kufunika, mama. Wa kufunua iko delege."

Nilicheka niliposema hivyo. Nilidhani nimesema jambo la werevu.

Angeweza kuzirudisha chanjo Kasongo siku ile ile, na baadaye wengi walimlaumu kwa kutofanya hivyo. Watu hao ndio waliokuwa wakimletea ujumbe kila asubuhi: leo jioni, mama, leo jioni bila shaka.

Jumatano jua lilitoka kali kuliko nilivyoliona mwaka mzima. Nadhani lilikuwa likitudhihaki. Bwana Magloire alitumia muda wa kungoja kutupatia vyeti vyetu, na kwa kuwa kulikuwa na joto tulikaa upande wa kivuli wa kituo, chini ya paneli kabisa. Tulipigiwa makofi mmoja mmoja kwa kuelewa nishati ya jua. Nilimwona mwalimu akitazama paa, kisha akitazama barua mkononi mwa Lukumani, kisha akisafisha miwani yake. Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu, na mtu mwenye mkataba wa miezi mitatu huwa na miwani inayochafuka mara kwa mara.

Saa sita upepo ukaja. Kamba mbili zilikatika, kitambaa kikapinduka, na paneli ikabaki wazi zaidi ya nusu. Ndani ya kituo tukasikia mngurumo mdogo, kama wa paka aliyeshiba. Mama Léocadie alitoka nje mbio, akasimama uani huku mikono yake ikiwa kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu wiki ile.

"Inafanya," alisema. "Muiache. Ninawaomba, muiache."

Lukumani alinitazama. Akasema kwa sauti ya huzuni, kama mtu anayelazimishwa na sheria ya mbinguni:

"Fundi, mapambo yanaanguka."

Nilichukua ngazi. Hakuna aliyenishikia kisu shingoni, sitakudanganya. Nilipanda mwenyewe, na sindano na uzi mdomoni. Mama Léocadie alikuja chini ya ngazi.

"Papa Musafiri, acha. Mutoto wa binti yako iko wa kwanza kwa liste."

"Delege anakuja kesho tu, mama. Kesho si mbali."

Nilishona kamba upya, kwa uzi maradufu, nikakaza mafundo yote manane. Mimi sifanyi kazi nusu nusu. Chini yangu mngurumo ulififia, ukakata. Niliposhuka watu walinipigia makofi, na nilifurahi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Alhamisi Régina alikuja kibandani, na Benita mgongoni. Alisema ameona barafu kwenye sanduku imekuwa maji.

"Baba, uende ufungue. Watakusikiliza. Ni wewe ulikifunga."

Ningeweza kwenda. Ni hatua arobaini kutoka kwenye cherehani yangu hadi kwenye ngazi ile, nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Nilimjibu kama mwanakamati. Nilimwambia habari za nidhamu, za awamu ya pili, za mashine ya mihogo. Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Muzuri, baba," na akaenda. Sipendi hata kidogo jinsi alivyolisema lile neno muzuri.

Mjumbe alifika Ijumaa, saa nane. Nimtendee haki: alikuwa mtu mchangamfu, viatu vimejaa matope, na alituomba radhi. Alisema angekuwa amekuja hata kwa mguu. Alizungumza saa nzima juu ya utajiri wa jua letu ambalo, alisema, kwa miaka mingi limekuwa likiwaka bure bila mtu kulitumia. Tulipiga makofi. Kisha akaomba mkasi, na mkasi ukawa wangu, ule mkubwa wa kukatia drili. Utepe ukakatwa, kamba zikavutwa, kitambaa kikateleza chini vizuri sana, kama nilivyokipanga. Friji ikanguruma. Kwaya zikaimba zote mbili kwa pamoja nyimbo mbili tofauti.

Mama Léocadie alikuja na sinia lenye kitambaa cheupe. Aliliweka kwenye meza ya wageni, kati ya soda na maua ya karatasi, akalifunua. Vilikuwa vichupa vya chanjo. Kila kichupa kina duara dogo jeusi kwenye karatasi yake, na ndani ya duara kimraba cheupe. Joto likiingia, kimraba kinageuka cheusi, na kikishafanana rangi na duara, dawa imekufa. Alichukua kimoja akakiweka kwenye kiganja cha Mjumbe, halafu kingine kwenye kiganja cha Lukumani, halafu kingine kwangu. Vimraba vyote vilikuwa vyeusi.

"Leo hakuna sindano," aliwaambia akina mama waliopanga mstari. "Zimekufa jana. Murudi nyumbani. Ingine itatoka Kasongo kisha wiki tatu."

Akina mama hawakupiga kelele. Walijifunga watoto mgongoni na kuondoka mmoja mmoja, Régina akiwa wa mbele kwa sababu alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Mjumbe alikirudisha kichupa polepole kwenye sinia. Alisema jambo hilo litaandikwa kwenye ripoti kama changamoto.

Ndipo mpiga picha wake akamnong'oneza. Simu ilikuwa imezimika katikati ya hotuba, haina chaji. Picha ya kitambaa kikianguka haikupatikana. Lukumani alinyanyuka mara moja, na uso wake ukang'aa.

"Fundi, tuifunike tena dakika mbili tu."

Nilikuwa nimekishika kitambaa, nimekikunja mikononi. Nilimtazama Lukumani, nikaitazama paneli iliyokuwa ikinywa jua ikiwa wazi kabisa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nilisema hapana. Lilikuwa neno dogo, na lilikuja siku tatu baada ya siku yake. Nilichukua mkasi wangu nikaenda nyumbani.

Siku ya kumi na moja baada ya uzinduzi Benita alipata homa. Siku ya kumi na nne vipele vilitoka nyuma ya masikio, vikashuka hadi tumboni. Mama Léocadie alikuja kila asubuhi na kila alasiri, akamnywesha matone ya vitamini, akamfuta macho kwa maji safi. Hakuniambia neno baya hata moja. Ningefurahi kama angenitukana.

Watu wengi hawajui kwamba mtoto wa surua hawezi kuvumilia mwanga. Akifungua macho analia, akigeuzwa dirishani anajificha kwenye titi la mama yake. Chumba cha Régina kina dirisha moja, linatazama mashariki, na asubuhi jua linaingia lote. Aliweka kanga, jua likapenya. Aliweka shuka, likapenya.

"Baba," alisema, bila kunitazama, "si uko na ile drili yenye bitana?"

Nilikileta. Nilipigilia misumari minne, na kamba nane nikazifunga kwenye fremu moja baada ya nyingine. Chumba kikawa giza kabisa. Kilikuwa kitambaa kizuri, hakikupitisha hata uzi wa mwanga. Maandishi ya njano yalibaki upande wa nje, ili wapita njia wasome.

Wiki ileile pikipiki ilisimama mlangoni. Dereva alikuwa na barua kutoka kwa Kamati, yenye muhuri. Nyangwe nao walikuwa wamepata paneli yao, Mjumbe angewazindulia Jumamosi, na kwa kuwa kitambaa cha Kitangalo kilimpendeza mno, tunaombwa kukiazimisha. Chini ya barua Lukumani alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba jambo hili litatusaidia sana kwenye awamu ya pili.

Ndani, Benita alikuwa amelala. Homa ilikuwa haijashuka.

Nilimrudishia dereva barua yake. Nilimwambia awaambie wa Nyangwe waiache paneli yao wazi, wamngojee mgeni huku inafanya kazi, na akikasirika wamlete kwangu. Dereva aliuliza basi ajibu nini kuhusu kitambaa.

"Sema kiko kazini," nilimwambia.