Kastabini ya Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani, na alikuwa ameshapoteza magego mawili ya kulia, yote mazima. Shavu lilimuuma kutoka taya hadi sikioni, akaamini ni meno. Kliniki ya kwanza wakang'oa. Ya pili wakang'oa. Maumivu yakabaki palepale, hayana hata aibu.

Safari ya tatu nikaenda naye, maana ningemwacha angerudi kibogoyo. Daktari wa meno, mama mmoja asiye na haraka, akamgonga jino moja moja kwa kijichuma.

"Haya mazima, baba. Sing'oi."

"Ng'oa tu, daktari. Nimeshazoea."

"Mng'oe na ulimi," nikasema. "Mwili unakwisha, suruali zinamdondoka, vidole ndivyo vinanenepa! Hata kastabini haimwingii siku hizi." Kastabini ni kile kikofia cha chuma anachovaa kidole cha kati asijichome sindano.

Nilikuwa natania. Daktari hakucheka. Akamshika mkono, akatazama ncha za vidole zilivyovimba na kucha zilivyobinuka, akauliza kama anavuta sigara. Kisha akatuandikia picha ya kifua.

"Kifua?" Fundi akanigeukia. "Mimi naumwa shavu!"

"Twende," nikasema.

Picha ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia. Saratani. Wakatueleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita kifuani na kupanda hadi sikioni. Uvimbe ukiukandamiza, uso ndio unaolia. Wakasema tumewahi. Wakampasua, wakautoa. Alipozinduka alilibonyeza shavu, halikuuma. Nililia mbele ya wauguzi bila haya.

Lakini daktari aliyempasua alisema vidole navyo vilivimba kwa sababu ya uvimbe ule, na huenda vikanywea taratibu, ikiwa ugonjwa umeondoka kweli. Tangu hapo macho yangu hayabanduki kwenye ile kastabini. Namuuliza kila asubuhi mpaka ananiona kero.

Jana alinipungia mkono kutoka kwenye cherehani, kastabini inang'aa kidoleni.

"Imeingia, mke wangu! Haya, nipumzishe sasa."

Nilifurahi jamani, nikamkimbizia chai. Nilipokuwa naweka kikombe ndipo nikaona: ameivaa kwenye kidole kidogo cha mwisho.

Nilivuta kigoda nikakaa karibu yake, nikaanza kumtungia uzi kwenye sindano.