Kabati la Dawa Kali

Dobi alikuwa ameungua miguu yote miwili kwa maji ya kufulia. Asubuhi walimbadilisha bandeji, na kufika mchana dawa ilikuwa imemwishia mwilini. Alianza kwa kuguna, akaishia kulia kama mtu asiyejali tena nani anamsikia.

"Dada, nichome sindano."

"Vumilia kidogo. Mwenzangu anakuja."

Muuguzi alijua anadanganya. Mwenzake alikuwa ameitwa wodi ya wazazi, mbiombio, na kwa mazoea ya kazi akauacha ufunguo wa kabati la mofini mezani. Muuguzi alikaa mbali nao, akiutazama kwa jicho la pembeni. Mpango wa kuwasaidia watumishi wa afya ulimtibu uraibu wake, na baraza la wauguzi likamrudishia leseni kwa masharti: afanye kazi chini ya macho ya muuguzi mwingine, na kabati lile asilifungue kamwe. Akilifungua, leseni ndiyo basi tena. Masharti yaliandikwa vizuri sana. Ila hayakusema huyo muuguzi mwingine atatoka wapi, katika wodi iliyojaa wagonjwa mpaka sakafuni na wauguzi wake ni wawili tu.

Akampigia simu Metroni.

"Dobi amezidiwa na maumivu, na niko peke yangu."

"Mpe panadol."

"Nimempa. Haikufua dafu."

"Basi asubiri."

"Naomba uje mwenyewe, Metroni, au umtume yeyote."

"Nimtoe wapi, mwanangu? Niko na wageni wa wizara, wamekuja kuuona huo mpango wenu. Na mfano wa kuwaonyesha ni wewe. Usije ukatutia aibu leo."

Simu ikakatwa.

Akarudi kitandani, akamshika Dobi mkono. Aliona aibu kuushika. Katika kitanda hichohicho, mwaka uliopita, alilala mzee mwenye saratani ya mifupa. Alimchoma mzee wa watu maji matupu, mofini akaenda kujichoma mwenyewe chooni, na mzee akamwambia asante, mwanangu. Akafa akidhani dawa zimemkataa. Matibabu yote yale hayakumfutia asante ile. Sasa alikuwa anamnyima mtu mwingine, safari hii kwa utiifu, na kwa Dobi ilikuwa ni yaleyale.

Mara mbili aliuendea ufunguo. Mara ya pili akaushika. Mate yakamjaa mdomoni, na hapo akajua hawezi kuapa kwamba dawa yote ingemfikia Dobi. Akaurudisha mezani. Alijichukia kwa kuushika, akajichukia zaidi kwa kuurudisha.

Alasiri Metroni akaingia na wageni wake. Aliuchukua ufunguo mezani, akaenda moja kwa moja kabatini, akafungua, akahesabu chupa kwa kidole.

"Zote zipo," akawaambia. "Ufunguo umeshinda mezani, na hakufungua. Huyu alikuwa haaminiki hata kidogo."

Mgeni mmoja akampa muuguzi mkono, akamwambia taifa linamhitaji. Muuguzi alitaka kuwaambia habari za Dobi, lakini Metroni alikuwa anamtazama.

Nyuma yao Dobi alikuwa amenyamaza. Alijifunika gubigubi, na humo ndani alikuwa ameing'ata pembe ya shuka mpaka imetoboka.

"Mgonjwa amelala," mgeni akanong'ona, na wote wakatoka kwa kunyata wasimwamshe.