Asiinuke Mpaka Jioni

Makohozi ya Muteba yalipimwa na kupimwa tena, kifua kikuu hakikuonekana. Lakini picha ya radio ilionyesha kivimbe kwenye pafu, basi dokta akamchoma sindano katikati ya mbavu, akanyofoa kipande cha kupima. Kisha akamwambia mke wake, Ndaya:

"Mama, alale upande huu uliochomwa. Asiongee, asiinuke mpaka jioni. Pafu ikitoboka, hewa itamujaa kifuani."

Ndaya aliitika. Ila kule mtaani kwao Manika habari ya hospitali haikai ndani ya nyumba moja, na kwao Wakasai mgonjwa asiye na wageni ni aibu ya mke. Adhuhuri haijafika, chumba kimejaa: watu wa kanisa, majirani, wachimbaji wenzake na vumbi lao.

"Tata Muteba, unalala sawa na patron," Polycarpe, mmoja wa wachimbaji, akamtania. "Siye tuko mu shimo, weye uko mu congé, unapumzika."

Muteba akatabasamu tu.

Halafu akaingia Mama Bilonda, mama yake Ndaya, na sufuria ya bukari, ugali wa kwao, kichwani. Na Muteba amelala kifua wazi. Mbele ya mama mkwe! Akajiinua haraka, akavuta shuka, akainamisha kichwa kumwamkia: "Moyo wenu, mama."

Kikohozi kikamkamata hapo hapo. Akashika ubavu, midomo ikapauka, pumzi ikawa fupi fupi. Dokta akaja mbio na mpira na chupa ya maji, atoboe ubavu hewa itoke. Muteba akakaza shuka kifuani, macho kwa mama mkwe, akakataa kufunuliwa.

"Mama, utoke," Ndaya akasema.

"Nitoke wapi? Huyu ni mutoto yangu. Acha nimuombee."

"Anakufa juu ya kukuheshimia. Utoke."

Akamsukuma mama yake kwa mikono miwili mbele ya kanisa zima. Wengine wakatoka nyuma yake.

Mpira ukaingia, maji ya chupa yakatoa mapovu. Mtu wa maabara akachungulia mlangoni: "Dokta, kile kipande ni kifua kikuu. Dawa yake iko."

Dokta hakugeuka. Mapovu hayakupungua; pafu lilikuwa bado linavuja hewa.

"Kama tundu haizibe?" Ndaya akauliza.

"Ni kumupasua. Kule Lubumbashi."

"Atafika?"

Dokta akainama, akakaza plasta kwenye mpira. Nje, Mama Bilonda akaanza kulia kilio cha matanga, na wanawake wakakipokea. Ndaya akafungua dirisha.

"Mama, bado. Munyamaze, bado anapumua."